Mwindaji Haulizwi Aendako

Nilipokuwa mtoto wa kusoma Kurani chuoni, nilipachikwa jina la Nuksi, na mpaka leo nikilikumbuka nakasirika upya. Wanaosema mtoto husahau ni waongo.

Kwetu Ibra, Omani, mchanga wa jangwa hauko mbali. Kila kipindi cha baridi baba na rafiki zake wawili, Ami Nasoro na Ami Khalfan, walikwenda kuwinda sungura. Bibi yangu alikuja na imani yake kutoka Unguja: mwindaji haulizwi aendako. Ukimuuliza umemtia nuksi, mawindo yatamkimbia na njia itamgeuka. Basi asubuhi ya safari nyumba nzima ilikuwa kimya. Baba alipakia bunduki, maji na birika la kahawa, na mama akajifanya hamuoni.

Mimi nikakimbia mpaka mlangoni. "Baba, mnakwenda wapi?"

Bibi alinifinya sikio mpaka nikapiga ukelele. "Mtoto huyu ana kisirani! Mwindaji haulizwi!"

Ami Nasoro, mtu wa mzaha, akaniinamia na kuninong'oneza akicheka, "Nyuma ya Mudhaibi, mwanangu, penye ule mti mkavu wa ghafu. Nitakuletea mkia wa sungura." Baba akamkemea, wakaondoka.

Walisema watarudi kesho yake jioni. Hawakurudi. Kulipokucha tena, mama alikuwa ameshavaa buibui anazunguka ukumbini, na Ami Salim, mdogo wake baba, amesimama na funguo za gari hajui aelekee upande gani. Nani angejua? Katika nyumba ile ya watu wazima hakuna aliyethubutu kuuliza.

"Nyuma ya Mudhaibi," nikasema. "Penye mti mkavu wa ghafu."

Ami Salim alinitazama, akatoka mbio.

Aliwakuta wamejibanza kwenye kivuli cha gari lililozama mchangani, ekseli imevunjika, maji yamekwisha, midomo imewapasuka. Walipofika nyumbani ukumbi ulijaa watu, halwa na kahawa zikapita, alhamdulillahi kila upande. Mimi nikakaa karibu na baba nikingoja nitajwe.

Nikatajwa. Ami Khalfan alininyooshea kidole, "Huyu ndiye aliyetutia nuksi! Wallahi, mngemziba mdomo tungerudi na mawindo."

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Tangu hapo, hata tairi la mtu likipasuka njia ya Sur, wataulizana Nuksi kasema nini leo. Bibi, Mungu amrehemu, simlaumu, alishika alichofundishwa. Nawalaumu wanaume wazima walioingia jangwani na gari moja na maji ya kubahatisha, wakaokolewa na swali la mtoto, kisha wakamtwisha mtoto huyo aibu yao.

Juzi Ami Khalfan, mzee sasa, alikuja kumtazama baba. Wanangu wa kiume walikuwa wanapakia gari kwenda kulala mchangani, na binti yangu mdogo akawakimbilia mlangoni. "Mnakwenda wapi?"

"Mnyamazisheni huyo," akasema Ami Khalfan, "atawatia nuksi kama mama yake."

"Ami," nikamwambia, "kwa heshima yako yote. Ningenyamaza siku ile, wewe ungezikwa chini ya ule mti."

Baba akainamia kikombe chake. Akasema taratibu, "Kweli. Aliuliza yeye peke yake."

Miaka yote hiyo nililingoja neno hilo, na lilipokuja hasira haikuondoka. Nikamgeukia binti yangu.

"Waulize tena, mama. Na wasiwashe gari mpaka wakujibu."