Mtambo wa Gumegume ya Bibi

Juzi nilirudi Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla hapa Guangzhou, baada ya miaka mingi ya kuagiza mizigo kwa simu nikiwa nimekaa Kariakoo. Ukitoka tu kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi, harufu inakupokea: kamba wakavu, ngisi wakavu, uyoga, vyote vimejazwa kwenye magunia mpaka nje ya maduka. Nilikuwa nimefuata midoli ya duka langu. Katika ghorofa ya pili ya jengo moja nikaona bunduki za plastiki zinazowaka taa na kupiga kelele, nikamuuliza mwenye duka kama anazo za mbao.

“Mei you,” akanijibu bila kuinua macho kwenye simu yake. Hakuna.

Nikarudia swali kwa Kichina changu cha shule ya msingi, maana ndicho nilichobaki nacho, ndipo akaniangalia. “Za mbao ni mambo ya zamani, dada. Nani anazitaka siku hizi?”

Basi ngoja nikwambie nani alizitaka.

Mimi nimekulia hapa Guangzhou. Mama alikuwa akiwasafirishia mizigo wafanyabiashara wa Dar na Unguja, na tuliishi Xiaobei, chumba na sebule juu ya mgahawa wa tambi. Asubuhi niliamshwa na mpishi akipigapiga donge la unga mezani, jioni nikasinzia kwa mlio wa utepe wa gundi, krrr, krrr, mama akifunga mabunda sebuleni. Kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kuandika majina ya wateja kwenye magunia kwa kalamu nene ya wino. Mpaka leo nikinusa wino ule naona sebule yetu, magunia mpaka dirishani, na sufuria ya maharage ikichemka pembeni.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa mkulima wa mpunga huko Rufiji. Alifiwa na mumewe mapema, na kitu alichoachiwa ni bunduki ya gumegume, ya zamani sana, ile ya kujazia baruti mdomoni. Kwa bunduki hiyo alipanda dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo kinachojengwa shambani, akalinda mpunga wake dhidi ya nguruwe na viboko, mwanamke peke yake. Risasi hakuwa nazo. Alikuwa akiwasha baruti tupu, mlio ukasambaa bondeni, wanyama wakakimbia. Majirani walimwogopa kidogo. Kisha ukaja wakati serikali ikawataka watu wasiokuwa na vibali wasalimishe silaha, na bibi akaibeba gumegume yake mwenyewe mpaka kituo cha polisi.

Mwaka niliokuwa darasa la nne, macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, yote mawili. Mama akamleta Guangzhou atibiwe. Nilimpokea na “Shikamoo bibi,” naye akanipapasa uso na kusema, “Marahaba, mke mwenzangu,” kama wanavyotaniana bibi na mjukuu wa kike kwetu. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake hospitalini. Daktari alieleza vizuri, tena taratibu, lakini nilipofika kwenye habari za kisu, nikasema “kisu kidogo sana, bibi,” naye akainama akatafuta viatu vyake chini ya kiti. Akavivaa. Akasema twende nyumbani.

Hakuna aliyeweza kumbadilisha nia. Mama alibembeleza, akanuna, akapiga simu kwa mjomba Rufiji ili naye ambembeleze. Bibi alikaa kwenye pembe ya sebule kati ya magunia, kanga kichwani, akiuliza ndege ya kurudi ni lini. Sehemu pekee aliyokubali kwenda ilikuwa Yide Lu, kwa sababu ya harufu ya samaki wakavu. “Hapa kuna watu,” alikuwa akisema, akivuta pumzi.

Siku moja, tukiwa huko, laoban mmoja, yaani tajiri mwenye duka, alimpa mama bunduki ya mbao iwe sampuli ya mzigo. Mama akanipa mimi, mimi nikamwekea bibi mapajani.

“Mke mwenzangu, hiki ni nini?”

“Bunduki, bibi.”

Akapapasa mtutu, akapapasa kitako, halafu kidole gumba kikateleza ubavuni juu ya kifyatulio, kikakuta mbao tupu. Akacheka, mara yake ya kwanza tangu aje. “Bunduki gani haina mtambo? Nguruwe akija utampiga kwa maneno?”

Nikamwambia nitaiwekea. Akaanza kunielekeza, na sauti yake ikabadilika kabisa, ikawa sauti ya mtu anayetoa amri shambani. Ubavuni kuna bamba la chuma. Juu yake kuna nyundo iliyopinda shingo, yenye mdomo unaouma jiwe. Mbele ya nyundo kuna kisahani cha kuwekea baruti, na juu ya kisahani kuna kipande cha chuma kilichosimama. Ukifyatua, jiwe linakikwaruza kile chuma, cheche zinadondoka kisahanini. “Yako haitawaka,” akasema, “lakini ifanane.”

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kichochoro cha maduka ya vifaa vya makabati. Kwa siku kadhaa nilirudi kutoka shule mifuko ikilia. Bawaba ya mlango wa kabati ikawa bamba. Kishikio cha droo, kilichopinda kama shingo ya ndege, kikawa nyundo. Kisahani nilikipata kwenye kizibo cha chupa, nikakigonga mpaka kikatulia. Nilifunga kila kitu kwa bisibisi ya mama, nikampelekea bibi, naye akapitisha kidole.

“Shingo imenyooka mno. Badilisha.”

Nikabadilisha.

“Ina rangi gani hii?”

“Ya dhahabu, bibi.”

“Na bamba?”

“Jeupe.”

“Jeupe kama nini?”

“Kama kijiko.”

Aliendelea kushika ile bunduki huku uso wake ukiwa umekunjamana, kama mtu aliyepewa chakula asichokijua. Kesho yake asubuhi mama alikuwa anasonga ugali, bibi akasema kutoka pembeni, “Kawaambie hospitali nakuja.”

Mwiko ukasimama. “Umesemaje, mama?”

“Nimesema wanikate. Sitatengenezewa kitu nisichokiona.”

Akakatwa. Wakati anaingizwa chumba cha upasuaji alinishika mkono hadi mlangoni, lakini hakuuliza viatu viko wapi. Walipomfungua kitambaa aliniangalia mimi kwanza, kwa muda mrefu. “Kumbe una meno ya babu yako,” akasema. Halafu akasema, “Lete bunduki.”

Nilikuwa nimeibeba kwenye begi la shule. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, upande huu, upande ule. Mimi nilisubiri sifa.

“Mbaya,” akasema.

Machozi yakanilengalenga. Bibi hakubembeleza. “Mbaya sana. Inameremeta kama jino la bandia. Lakini mimi na wewe tutaitengeneza.”

Ndivyo zilivyoanza wiki nzuri kuliko zote nilizoishi katika mji huu. Bibi alifungua kila kipande nilichofunga, akavipanga kwenye upande wa kanga, akaviangalia kimoja kimoja. Bawaba aliitupa. Bamba la babu, alinieleza, lilivunjika zamani, naye akakata jingine kwenye ukingo wa sinia la shaba la harusi yao. Kwa hiyo tulitafuta sinia la shaba mpaka tukalipata kwa muuza vitu vikuukuu, na fundi wa funguo wa mtaani kwetu akatukatia kipande. Bibi akakipaka siki na chumvi, akakilaza kwenye kitambaa cha maji dirishani. Sebule nzima ilinuka siki, mama akalalamika kwamba wateja watadhani tunauza achari. Asubuhi zilizofuata bibi aliamka kabla ya mpishi wa tambi, akaenda kukichungulia. Kilipofifia na kuota ukijani pembeni, akaridhika. Nyundo tuliibadilisha mpaka laoban wa vishikio akawa anatuona kwa mbali anafungua droo mwenyewe.

Ikabaki skrubu ya kubania mdomo wa nyundo. Nilimletea za kila namna. Zote akazikataa.

“Hii ina kasoro gani, bibi?”

“Siyo ya cherehani.”

Hapo ndipo aliponieleza. Skrubu ya gumegume ilipopotea, babu aling'oa moja kwenye cherehani ambayo bibi alikuwa akishonea watu, bila kumwomba, tena karibu na Ramadhani, wakati nguo za Idi za watu zimejaa ndani. Cherehani ikalala. Bibi akakasirika, akaacha kuzungumza naye. Babu aliahidi kuirudisha akipata nyingine, na kabla hajapata, homa ikamchukua. “Hatukuwa tumepatana,” bibi akasema. “Sikuing'oa kule kwenye bunduki. Nilisema aliyeiweka ndiye aitoe. Mpaka nikaipeleka polisi ikiwa nayo.”

Mama alikuwa anafunga bunda. Mlio wa utepe ukakoma. Nadhani hata yeye alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo.

Jumamosi mama akatupeleka Zhanqian, kwenye majengo ya nguo karibu na stesheni ya treni. Nyuma yake, kwenye ujia mwembamba, walikaa mafundi cherehani wa kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Mmoja wao, mama wa makamo, alikuwa na cherehani nyeusi ya miguu kama ya bibi, na kopo la biskuti lililojaa vyuma. Nikamwomba amruhusu bibi yangu aangalie ndani ya kopo.

“Bu xing,” akasema. Haiwezekani, ana kazi.

Mama akaanza kuondoka. Bibi akavuta kigoda, akakaa. Yule fundi alikuwa akihangaika kutunga uzi kwenye sindano, miwani imeteleza puani, uzi unapita pembeni kila mara. Bibi akanyoosha mkono, akauchukua uzi, akaulamba ncha, akaupitisha kwenye tundu mara moja tu. Kisha akaniangalia mimi kwa macho makavu, maangavu, kana kwamba ndiyo kwanza ameamini kilichofanyika hospitalini.

Fundi akacheka, akamsogezea kopo.

Bibi alichimbua taratibu. Alipoipata aliiweka kwenye kiganja: kichwa bapa, shingo fupi, nyeusi ya mafuta. “Hii,” akasema, akaifumbata mkononi mpaka tunafika nyumbani. Aliifunga mwenyewe. Mtambo ukakaa kama alivyoutaka, wa viraka, umechakaa, kila kipande na rangi yake. Mtu mwingine angeona takataka. Bibi aliuangalia akajifuta jicho kwa ncha ya kanga, mama akamkumbusha daktari amekataza kusugua.

Siku ya safari mama alisema bunduki haipandi ndege, hata ya mbao, hata ya mtoto. Nilianza kulia. Bibi akaniambia ninyamaze. “Moja nimeipeleka polisi mwenyewe. Ya pili sitaki kunyang'anywa uwanja wa ndege. Kaa nayo.” Halafu akachukua bisibisi, akaing'oa skrubu peke yake, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Wiki chache baadaye alipiga simu kutoka kwa mjomba. Nyuma ya sauti yake nilisikia tratratra ya cherehani. “Imeingia kama ilizaliwa humo,” akasema. “Mwambie mama yako nimepatana na baba yake.”

Tulihama Xiaobei mara mbili, na katika moja ya kuhama huko ile bunduki ikapotea pamoja na mabegi yangu ya shule. Kichochoro cha vishikio kimebomolewa. Mama amefunga biashara, anaishi Temeke na kuku wake. Ujia wa mafundi pale Zhanqian niliutafuta juzi, nikakuta ukuta. Bibi alifariki nikiwa chuoni, akiwa bado anashona.

Mwaka jana nilikwenda Rufiji, mara yangu ya kwanza ukubwani, nikamwomba mjomba anionyeshe shamba. Tulitembea kwenye matete mpaka ukingoni mwa mto. Nikamuuliza dungu la bibi lilikuwa wapi. Mjomba akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akajipimia na mti mmoja wa ng'ambo, kisha akanyoosha kidole katikati ya maji. Mto ulikuwa umehama. Tulisimama pale tukiangalia maji ya kahawia yakipita, mpaka jua likawa kali, tukarudi.