Kahawa Mbichi Iliyotangazwa Kavu

Mwaka ninaousimulia ni ule tuliokula magimbi. Mahindi yetu yalipanda malori yakavuka mpaka pale Tunduma, na sisi tuliobaki Mbozi tukala magimbi asubuhi kwa chai ya rangi, magimbi mchana kwa majani ya maboga, na jioni tukayachoma kwa kuwa tulishachoka kuyachemsha. Nyama tuliinusa kwa jirani, tena kwa bahati. Ndio mwaka mjukuu wangu wa kike alipomaliza chuo akarudi kwangu na kompyuta, kisanduku cha plastiki cha kutosha kiganjani, na njaa ya watu wawili.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Yeye amesoma mpaka walimu wamekosa cha kumfundisha. Leo ana kazi yake Vwawa na watu wananiamkia kwa sababu yake. Namsifu mbele za watu na nitaendelea kumsifu. Asiyetaka azibe masikio.

Kisanduku kilikuwa na waya mrefu wenye ncha ya chuma. Unaichomeka ncha kwenye kahawa iliyoanikwa kichanjani, na simu inakuambia kama imekauka au bado. Hilo si jambo la mchezo. Kahawa ukiifunga kwenye gunia ikiwa na maji ndani inaota ukungu, na mwaka mzima wa mgongo wako unakwenda shimoni. Jumamosi ya wiki ile alitakiwa akakionyeshe kwa chama chetu cha wakulima. Wakikikubali, amepata kazi nyumbani. Wakikikataa, anarudi Dar es Salaam kukaa kwenye sebule za watu. Na kahawa ya kuonyeshea ilikuwa yangu.

Akanieleza kwamba kazi yake ina lugha mbili ndani. Kisanduku kina lugha yake, simu ina yake, na hazielewani. Kisanduku kikipata tatizo huko chini kinatuma namba tu, na simu inatakiwa ijue kwamba namba ile ni kosa, na kulitafsiri kwa Kiswahili, mkulima asome. Kilichobaki ni kujaribu kama kila kosa linafika juu likiwa zima. Alitaka mtu wa kukosea makusudi wakati yeye anaangalia simu.

"Bibi, wewe utakuwa unaharibu," akaniambia.

Nimepewa kazi nyingi katika umri huu, lakini kuitwa kuja kuharibu ilikuwa mara ya kwanza, nikavaa kanga safi. Nikatoa betri, simu ikasema betri haipo. Nikapaka ncha matope, ikasema ncha ni chafu. Nikakipeleka kisanduku kwa jirani, nyuma ya migomba, nikakaa huko nikapewa na uji, na niliporudi nikaambiwa simu imelalamika kwamba kisanduku hakisikiki. Mjukuu wangu akawa anaweka alama kwenye daftari, na kila alama anatabasamu kama amejifungua.

Akasema tumemaliza. Nikamuuliza, na waya ukichomoka? Akasema nani atauchomoa. Nikamwambia anaongea kama mtu ambaye hajakaa na kuku wangu. Wala sikumaliza. Jogoo wangu mwekundu, ambaye hajawahi kungoja ruhusa ya mtu, aliruka juu ya kichanja, waya ukamnasa mguuni, akaondoka nao. Tukaangalia simu. Imeandika: Kahawa imekauka. Sawa.

Kahawa ile niliiosha asubuhi hiyohiyo. Ilikuwa bado inadondosha maji chini ya kichanja.

Akainama kwenye kompyuta, na baadaye akalipata. Waya ukitoka, kisanduku kinatuma hasi moja, na kwa lugha yake maana yake ni "sina ninachopima". Simu haikujua kuwa lile ni kosa. Ikadhani ni kipimo cha unyevu, na kwa kuwa hasi moja iko chini ya kumi na mbili, kipimo cha kahawa iliyokauka, ikatangaza kahawa kavu na pongezi juu.

"Unyevu chini ya sifuri," nikamwambia. "Hata jiwe la kusagia halijafika huko."

Nilicheka, ila kosa lile nalijua. Nilishalifanya mwenyewe. Enzi nauza mchele Tunduma nilishika Kibemba cha biashara, basi binti wa dada yangu alipoposwa na watu wa bara huko Zambia, nikawekwa mkalimani. Wakwe wakala chakula chetu, kisha shangazi wa bwana harusi akaninong'oneza kwa Kibemba, kwa upole kabisa, kwamba mboga ina mchanga. Nikawageukia ndugu zangu nikasema wageni wanashukuru, mboga ni tamu. Niliona nimesitiri watu. Ndugu zangu wakafurahi, na siku ya harusi wakapika mboga ileile, masufuria matatu, kwa heshima ya wakwe. Mpaka leo huko ng'ambo tunaitwa watu wa kula barabara.

Siku ya jogoo na waya ilikuwa Alhamisi. Mjukuu wangu akasema kulirekebisha ni lazima afungue pande zote mbili, na akifungua anaweza kuharibu yaliyokwisha kutengemaa, na siku hazipo. Akaanza kuniita mke mwenzangu, kama anavyoniita akitaka kitu. Jumamosi jogoo afungwe kamba, mimi nikae karibu na waya, na wakiuliza kama tumejaribu yote, niseme ni sawa.

"Nisaidie, mke mwenzangu. Nitakupikia nyama."

Nikamwambia, "Sisemi sawa mahali pasipo sawa, hata nipikiwe nyama."

Akaninunia. Akanipa magimbi bila chumvi. Lakini Ijumaa asubuhi nikamkuta amefungua pande zote mbili, na kazi ikawa "Bibi, chomoa", "Bibi, chomeka", mpaka ncha za vidole zikaniuma. Mchana simu ikaandika: Kosa. Waya umechomoka. Usifunge gunia. Ikabidi turudie na yale mengine yote, betri, matope, mpaka kwa jirani, ambaye alinipa uji tena akiniangalia kwa huruma.

Jumamosi chama kikaja. Mwenyekiti alichinja mbuzi, watu wakamtazama yule mbuzi kuliko kisanduku. Mjukuu wangu akaeleza, mimi nikauchomoa waya mbele ya wote, simu ikalia, ikaandika kosa lake. Watu wakapiga makofi. Sikuwahi kuona kosa likipigiwa makofi. Wakakubali kisanduku palepale.

Kisha mwenyekiti akatuita pembeni, mimi akanipa sahani yenye paja. Akasema kitu ni kizuri sana, ila wiki ijayo wanunuzi wanakuja, na lile neno "kosa" litatia aibu mbele ya wageni. Binti abadilishe kidogo tu, siku hiyo kiseme sawa, waya atauangalia yeye mwenyewe.

"Mama, wewe ndiye mtu mzima hapa," akaniambia. "Mwambie."

Mjukuu wangu akaniangalia. Kazi yake ilikuwa mkononi mwa mwenyekiti, na sahani ya mwenyekiti ilikuwa mkononi mwangu. Nikala kwanza lile paja, sikuacha kitu, maana magimbi yalishanichosha. Nikafuta vidole, nikamrudishia sahani na mfupa wake.

"Sisemi sawa mahali pasipo sawa, hata nipikiwe nyama."