Msafiri wa Kwanza

Fomu iliniuliza safari yangu ni ya nini, na jibu lilikuwa limeshajazwa: likizo. Nililitazama neno hilo kwa muda mrefu kwenye kompyuta ya duka la stationari pale Biharamulo mjini. Nimelima migomba na maharage kijijini Kirushya tangu nilipomaliza darasa la saba, na sijawahi kuwa na likizo. Mwalimu ana likizo. Bwana afya ana likizo. Mkulima ana kiangazi, na kiangazi chenyewe ndipo anapochimba choo kipya.

Aliyeliandika neno hilo ni binti yetu. Anafanya kazi nje, kwenye nyumba ya kutunza wazee, katika nchi ambayo siitaji kwa sababu haikunikosea kitu. Nchi hiyo haimdai Mtanzania viza. Inamdai fomu, ambayo huijaza kwenye mtandao kabla hajapanda ndege. Binti alipokuwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza alitukatia tiketi sisi wazazi wote wawili, akaifungua fomu huko huko aliko, akajaza aliyoyajua, na yaliyobaki akatuachia tuyamalizie siku za safari zikikaribia.

Nyumbani kwetu simu ilikuwa moja. Ilikuwa ya mke wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na watu wa kumpigia. Aliyenitaka mimi alimpigia yeye, naye akaniita kwa sauti kutoka uani mpaka migombani. Kwa hiyo fomu ilipotaka namba ya simu ya mkuu wa msafara, binti aliandika ya mama yake, na mwenye namba ndiye akawa mkuu. Msafiri wa kwanza: mke wangu. Msafiri wa pili: mimi, anayeambatana naye.

"Umeona?" mke wangu akasema. "Hata kompyuta imeshajua."

Wiki nzima ile hakuniita jina langu. "Wewe unayeambatana nami, niletee kuni."

Alifariki msimu wa kuvuna maharage, kwa ugonjwa wa moyo, ungo ukiwa bado mkononi. Binti alikuwa na mtoto wa siku nne, hakuweza kuja kuzika. Tulipomaliza matanga, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa, na nguo za marehemu zikagawanywa kama ilivyo desturi yetu. Dada yake alipata, wakamwana walipata, na kitenge kimoja cha bluu chenye ndege weupe kikawekwa pembeni. Hilo lilikuwa fungu la binti. Kwetu mtoto ambaye hajapokea fungu lake anahesabiwa kuwa bado yuko msibani, hata kama wenzake wameshanyoa nywele na kurudi shambani.

Alinipigia kwenye simu ile ile ya mama yake. "Baba, njoo hivyo hivyo peke yako. Nataka kitenge cha mama." Miezi minne ilikuwa imepita naye alikuwa bado analia, peke yake, huku akiogesha wazee wa watu wengine. Likizo yangu ilikuwa hiyo: kupeleka kitenge.

Nikapanda basi la kwenda Mwanza kwenye ndege, nikashukia Biharamulo kwa shemeji yangu, mdogo wa kike wa marehemu, anayeuza dagaa sokoni. Ndege ilikuwa Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Bila fomu iliyokubaliwa mtu hapandi. Shemeji akanipeleka stationari, akaketi nyuma yangu na kikapu chake mapajani ili asikose kitu.

Mwenye duka ni mtu wa makamo, wa familia ya Kiislamu ambayo mababu zake walikuja kufanya biashara hapa kutoka pwani. Kiswahili chake ni laini, changu kina vijiti.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Fomu hizi zisikutishe. Nawajazia watu kila siku. Ni Kiingereza kingi, lakini majibu yake ni neno moja tu."

Akaweka hapana, hapana, hapana, akishuka nayo chini kama mtu anayedondosha mbegu kwenye mashimo.

"Ngoja kidogo," nikasema. "Umejibu nini?"

"Hapana, mzee."

"Kwa swali gani?"

"Kwa yote."

"Yanauliza nini?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza padre maana ya amina. Kisha akarudi juu na kuanza kunisomea kwa Kiswahili, moja moja. "Umewahi kukamatwa au kufungwa?"

"Kufungwa sijafungwa. Ila mbuzi wangu alikula maharage ya jirani, nikaitwa kwa mtendaji wa kata, nikakalishwa kwenye benchi mpaka jioni."

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri kutoa kopi akaangua kicheko.

"Hilo benchi lilikuwa na mlango?" mwenye duka akauliza.

"Lilikuwa nje, chini ya dirisha."

"Basi ni hapana, mzee wangu. Benchi si jela. Haya: katika siku thelathini zilizopita umekuwa shambani?"

"Sijatoka shambani isipokuwa leo."

"Wanamaanisha mashamba yenye mifugo wagonjwa."

"Wameandika hivyo?"

"Hawajaandika."

"Basi ndiyo."

Akabadilisha, akapumua kwa nguvu. Tuliendelea hivyo mpaka tukafika swali la mwisho la ukurasa, naye akalisoma polepole zaidi ya mengine. "Utaondoka nchini humo muda wa ruhusa yako utakapokwisha?" Jibu lake lilikuwa pale pale, limeshawekwa: hapana.

"Kumbe umemhamisha shemeji yangu!" shemeji akasema. "Angekamatwa uwanjani, na mimi nani angenivunia ndizi?"

Mwenye duka alisahihisha. Kuanzia hapo hakuna swali lililojibiwa kabla ya kusomwa, na nakiri kuwa nilijiona bora kidogo. Niliwaza kwamba ukweli, kumbe, una faida zake hata kwenye mtandao. Hiyo fahari haikumaliza dakika tano.

"Sasa msafiri wa kwanza," akasema. "Huyu ni mama?"

"Ndiye."

"Fomu inataka picha ya uso wake, ipigwe leo. Yuko wapi?"

"Yuko Kirushya."

"Apande basi la kesho asubuhi, tutawahi."

"Hawezi kupanda basi."

"Anaumwa?"

"Hapana. Haumwi."

Yote niliyosema yalikuwa kweli. Yuko Kirushya, nyuma ya nyumba, penye migomba ya zamani. Haumwi tena. Mimi niliyemtaja mbuzi ambaye hakuna aliyemuulizia, nilikuwa nimekaa pale nikidanganya kwa maneno ya kweli tupu. Tangu siku ya msiba neno lenyewe nilikuwa sijalitamka kwa mdomo wangu. Katekista alilisema kanisani, mwenyekiti wa kitongoji alilisema kwa watu, kaka yangu alimwambia binti kwenye simu. Mimi nilikuwa nikiitikia tu.

"Basi afya ya msafiri wa kwanza niandike nzuri?" mwenye duka akauliza.

Shemeji akaweka kikapu chini. "Dada yangu amefariki," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Na wewe shemeji, mbuzi umemtaja, dada yangu umemficha!"

Mwenye duka akaondoa mikono kwenye kompyuta kana kwamba imemuunguza. "Innalillahi. Pole sana, mzee wangu. Nisamehe." Akainuka, akazima redio iliyokuwa inaimba kwenye rafu, akamwomba yule mama wa kopi arudi baadaye. Aliporudi kukaa, alikaa vizuri, kama mtu aliyefika matangani.

Lakini kompyuta yenyewe haikutoa pole. Mkuu wa msafara hakuweza kuondolewa bila sababu, na sababu zilikuwa zimepangwa tayari mtu achague: ameahirisha safari, amebadili mawazo, ameandikishwa mara mbili, nyingine.

"Weka ameahirisha," shemeji akasema. "Dada alikuwa mtu wa kuahirisha. Harusi yenu si aliiahirisha mara mbili?"

"Hii hakuiahirisha."

"Amebadili mawazo?" mwenye duka akauliza kwa sauti ya chini.

"Huo ndio ungekuwa uongo mkubwa kuliko wote. Alikuwa ameshanunua viatu."

Shemeji akacheka, halafu akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mwenye duka akachagua nyingine. Pakafunguka nafasi ya kueleza. Akanisubiri nimwambie cha kuandika, nami nikamwambia aandike anavyojua. Akaandika neno moja la Kiingereza. Katika fomu nzima hilo peke yake ndilo sikuomba nisomewe.

Hapo simu ikatetemeka kwenye mfuko wa shati langu. Utaratibu wao ni kwamba mkuu wa msafara haondolewi mpaka akubali mwenyewe. Walikuwa wamemtumia mke wangu namba sita za siri, pamoja na onyo kwamba asimpe mtu yeyote. Katika miaka yote ya ndoa sijawahi kufungua ujumbe wake. Nikampa shemeji simu.

"Dada, samahani," shemeji akaiambia simu, akazisoma zile namba kwa sauti.

Mwenye duka akaziingiza. "Mzee, inauliza kama una uhakika."

Nikamjibu ukweli. "Sina. Lakini bonyeza."

Akabonyeza. Msafara wote ukafutika pamoja na mkuu wake, na majibu yangu yote, benchi, shamba na kila kitu, yakaenda naye. Tukaanza upya. Safari hii msafiri wa kwanza nilikuwa mimi. Wanaoambatana naye: hakuna.

Tulikuwa karibu kumaliza mwenye duka aliposoma, "Umebeba kitu chochote ambacho ni mali ya mtu mwingine?" Kidole chake kilikuwa kimeshanyooka kuelekea hapana, kisha akanitazama na kukirudisha.

"Nimebeba kitenge," nikasema, nikamweleza habari ya fungu la binti.

"Mzee wangu, sikiliza. Swali hili wamewawekea wanaobebeshwa mizigo mibaya. Ukijibu ndiyo watakuchunguza, na wanaweza kukuzuia kabisa. Kitenge cha mkeo ni chako, umerithi."

"Si chake," shemeji akasema. "Tumegawa mbele za watu. Ni cha mtoto. Yeye ni mbebaji tu."

Nikisema hapana, naweza kufika. Nikisema ndiyo, huenda nisifike, na binti akaendelea kukaa msibani peke yake kwa sababu baba yake hawezi kuinamisha neno moja. Nilimfikiria akikipokea kitenge ambacho nimekipitisha kwa kukikana. Nikasema ndiyo.

Fomu ikajibu kwamba ombi langu linachunguzwa.

Jumatano hakukuja kitu. Nilishinda kwa shemeji nikimchambulia dagaa, naye hakuniacha nipumzike. "Kitenge!" alisema kila alipopita na beseni. "Mtu angetangaza dhahabu tungeelewa. Ungekuwa mwongo kidogo tu, shemeji, kidogo hivi, sasa ungekuwa unafunga sanduku." Alhamisi asubuhi akaanza kunipangia maneno ya kumwambia binti kama sitaondoka. Alipokuwa bado anayapanga, mwenye duka akaja sokoni mwenyewe na karatasi mkononi. Nimekubaliwa, kwa sharti la kukionyesha kitenge nikifika. Akakataa kukaa, akasema amemwombea mama dua.

Nilipotua huko kwa binti nikaelekezwa kwenye meza ya pembeni. Palikuwa na ofisa mwanamke kijana aliyevaa glavu. Akafungua sanduku, akakitoa kitenge, akakinyoosha mezani kwenye taa kali mpaka ndege wote weupe wakaonekana. Kilikuwa bado na harufu ya moshi wa jikoni kwetu. Kiingereza changu ni cha darasa la saba la zamani, lakini maswali yake yalikuwa ya darasa la tatu.

"Hiki cha nani?"

"Cha mke wangu. Nampelekea binti yetu."

"Mke wako yuko wapi?"

Kirushya lilikuja mpaka kwenye ulimi. Nikalimeza. "Amefariki," nikasema. Nililitamka kwa Kiingereza, na labda ndiyo sababu lilitoka.

Akavua glavu. Akakikunja kitenge vibaya, kwa namna ya mtu ambaye hajawahi kukunja kitenge, akanipa kwa mikono miwili. Nikakikunja upya pale pale, nusu halafu robo, kama alivyokuwa akikunja mwenyewe, na yule ofisa akaningoja.

Nje binti alikuwa amesimama na mtoto kwenye kigari. Hakusema shikamoo. Alikichukua kitenge, akazika uso ndani yake, akalia mbele ya watu waliokuwa wakivuta masanduku yao ya likizo wakitupita kulia na kushoto. Kisha akamtoa mtoto kwenye kigari, akainama, akamweka mgongoni na kumfunga kwa kitenge cha bibi yake. Alipoinuka alikuwa ameacha kulia. Akaniuliza kama nimekula.