Haja ya Ami Hamed

Mdogo wangu Ghaniya hakuwa mtu wa kusimuliwa. Kashona kofia, kapika, kazaa mtoto mmoja basi, kaolewa na Khalaf, na Khalaf ni mtihani peke yake. Lakini mwaka wa thamanini na sita, baina ya Jumatano na Ijumaa, alifanya jambo ambalo miye mkubwa wake, na ulimi wangu huu, nisingeliweza. Ndilo nnalotaka kulisema, kwa sababu watu wanalisema vibaya.

Unguja alikuwa darasa la sita mapinduzi yalipoingia. Baba akasema mtoto wa kike atakaa ndani mpaka mambo yatulie. Mambo yakatulia, yeye hakurudishwa skuli, akaozwa. Tulipohamia huku Ibra, Omani, mwaka wa sabini na nne, kwa jamaa wa baba, kila mtu kabeba alichoweza. Miye sufuria zangu, Khalaf redio, Ghaniya kabeba gauni lake la skuli, la buluu, limekunjwa ndani ya mfuko wa karatasi. Nikamwambia, "Hilo utalivaa kichwani?" Hakunijibu. Hakuwa mtu wa kujibu, ndo watu wakadhani hana kitu ndani.

Walipata nyumba kwenye zile nyumba mpya nje ya mji, njia ya kwendea Sur. Zote rangi moja, ukuta mmoja, tangi la maji juu. Khalaf mara mbili kaingia nyumba ya watu na viatu mkononi. Ghaniya akapanda mchaichai ndani ya karai bovu la kufulia, akaliweka mlangoni, ili mumewe apajue kwake.

Mie mjane nakaa mjini, kwenye nyumba ya zamani ya baba, lakini kila alasiri nilikuwa kwao. Tunatandika mkeka uani penye kivuli. Ghaniya anatoboa vishimo vya kofia, Khalaf anakoroga redio akitafuta stesheni ya Kiswahili, na mtoto wao Ghalia anasoma vitabu vyake kwa sauti. Kiarabu cha vitabu Ghaniya hakijui hata kidogo. Lakini husema, sindano i mdomoni, "Rudia hapo."

"Mama, umejuaje nimekosea?"

"Sauti yako imeteleza."

Basi hayo ndo maisha yao. Chai ya mchaichai, mkate wa kumimina siku za Alhamisi, na Ghalia anasoma. Kasoma mpaka akamaliza, na mwaka ule chuo kikuu kikafunguliwa Maskati, cha kwanza, na yeye akachukuliwa. Barua ilisema afike Jumamosi, atalala dakhalia ya chuo na wasichana wenziwe. Ghaniya akaitia barua kwenye mfuko ule ule wa lile gauni. Sikusema kitu. Nina ulimi, lakini macho pia ninayo.

Jumatano ile, baada ya alasiri, gari ikasimama mlangoni. Ami Hamed, binamu wa baba yake Khalaf, katoka Samad na wazee watatu, wote wamevaa vizuri na majambia kiunoni. Ghaniya akanitazama, mie nikamtazama. Watu hawatoki Samad na majambia kuja kuuliza hali.

Tukaingia jikoni. Baina ya jiko na majlisi ya wageni pana mlango mmoja na pazia. Ghalia akapeleka sinia la halwa na tende mpaka penye pazia, Khalaf akalipokea, akawamiminia kahawa. Vikombe vikawekwa chini. Hakuna aliyekunywa. Nilichungulia: vikombe vinne kwenye mkeka, vimejaa, vinatoa moshi.

Ami Hamed akakohoa, akasema kwa Kiarabu, "Ya Khalaf, tumekuja na haja kwako."

Sasa sikilizeni. Khalaf anafanya kazi kwenye mashine za umeme, na Wahindi na Wazanzibari wenziwe. Miaka kumi na mbili Ibra, na Kiarabu chake ni cha kusalia na cha kununulia samaki. Kasikia neno moja tu analolijua, haja. Na kwetu mtu mzima akitoka safari akasema ana haja, humwachi anangojea.

Nikamsikia anainuka mbio. "Hadhir, ami, hadhir," anasema, yaani tayari, kila kitu tayari. "Haja yako ipo, haina taabu. Kunyweni kahawa kwanza."

Wakatazamana. Halafu wote wanne wakachukua vikombe, wakanywa mara moja, wakasema Mungu abariki. Ami Hamed akampa mkono Khalaf, akamkumbatia. Khalaf naye anacheka, anaonesha kwa mkono kule nyuma ya nyumba, choo kilipo, na hakuna anayemtazama.

Jikoni Ghalia kakamata ukingo wa meza.

"Mama," akasema, "Baba kashanioza."

"Kakuoza nini? Kawaonesha choo."

"Mama, hapa mtu akija na kitu anataka, haikunywa kahawa mpaka umpe." Kiswahili cha watoto wa huku ndo hicho, lakini tulimfahamu. "Ukisema kunywa, umempa. Kanipa kwa Mahrous, nawasikia wanamtaja."

Mahrous ni mwana wa ami Hamed. Ananunua mbuzi na kuuza, soko la Sinaw. Hana kilema, hana na la kusema. Arusi wakaipanga pale pale kwa Kiarabu chao, baada ya wiki mbili, na Khalaf anaitikia tu. Ghaniya kasimama na kijiko mkononi, mafuta yanaungua kwenye kikaango, harufu imejaa nyumba nzima.

Wageni walipoondoka akamwendea mumewe. Mie nyuma yake.

"Khalaf, unajua ulilolifanya?"

Hakuwa anajua. Ghalia ndo aliyemwambia. Nikamwona uso unamshuka kama mtu aliyekatiwa kamba. Nikasema haya basi, sasa ataingia garini awawahi njiani.

Akakaa.

"Neno limeshatoka," akasema.

"Umedhani wanataka choo," Ghaniya akasema. "Wende ukawaambie."

"Nikawaambie nini? Kwamba mjukuu wa Ibra hajui Kiarabu? Wanatwita Zinjibari mpaka leo. Wanasema sisi hatuna kauli. Nikawaambie mbele ya wazee wanne kuwa nilidhani ami yangu amebanwa na mkojo?"

"Shemeji," nikasema, "mtoto wako unampa mtu kwa sababu ya kuona haya kusema choo?"

"Weye Badriya usiingie."

"Nimeshaingia. Mlango mlinifungulia wenyewe."

Alhamisi yote ikapita hivyo. Mkeka haukutandikwa, redio haikuwashwa. Ghalia kakaa juu ya sanduku lake la nguo, halifungui, haondoki. Ghaniya anazunguka anapangusa palipokwisha kupanguswa. Ilipofika magharibi akavaa baibui lake kulijaribu, akalivua, akasema, "Kesho nnakwenda Samad."

Khalaf akasimama. Hakupiga kelele, na mie ningependa zaidi angepiga. "Ukilitaja neno choo kule Samad," akasema, "mlango huu usiurudie."

Ghaniya akamtazama. Mie nikangoja amjibu. Akenda kuangalia kama mchaichai umetiwa maji.

Asubuhi ya Ijumaa tukapakiwa na jirani, Nadhir, kwenye pikapu yake, mke wake mbele na sie nyuma. Njia nzima Ghaniya mikono kaiweka juu ya mapaja, viganja chini, kama mtoto aliyeambiwa atulie.

Ami Hamed ana ndevu nyeupe, lakini hapandi mtende bila ya kumuuliza mama yake. Mama yake ni bibi Azza. Tukamkuta kakaa barazani kwake, falaji, mfereji wa maji, inapita chini, tende zimeanikwa mkekani. Kizee kidogo, macho kama ya kuku. Alijua tumekujia nini, si mjinga. Akatukaribisha vizuri, tukala tende, tukaoshwa mikono. Mjukuu wake akamimina kahawa.

Ghaniya akapokea kikombe. Akakiweka chini.

Bibi Azza akakiona. Akageuza uso akaniuliza mie habari za miguu yangu. Nikamjibu. Akauliza habari za mvua. Nikamwambia mvua haikunya Ibra tangu mwaka jana, na yeye anajua. Akauliza habari za watu walokufa. Tukawahesabu wote. Kikombe kiko chini, moshi umekwisha. Kila mjukuu alipokuja na birika, bibi akamwashiria asimame mbali, maana akisema yeye, "kunywa," basi katoa, na kutoa hataki.

Adhana ya Ijumaa ikasomwa, wanaume wakenda msikitini, wakarudi, wakaletewa chakula chao. Sie bado. Jasho linanitiririka mgongoni. Inzi anazunguka kikombe, anakaa ukingoni, anaruka, anarudi.

Mwisho bibi Azza akachoka yeye. "Haya," akasema, "sema."

"Nataka mturudishie neno la Khalaf."

"Neno la mwanamume unalitaka weye?"

"Nalitaka mie."

"Kasema tunywe. Wanaume wanne wamesikia."

"Kasema, lakini hakujua anachokisema."

"Kwani mumeo mtoto mchanga?"

Hapo pakawa pagumu. Ghaniya akisema mumewe hakujua desturi, watasema basi ajifunze, na arusi ipo. Na lile neno jengine lina mlango nyuma yake. Nikataka kulisema mie, wallahi lilinifika menoni. Akaniwekea mkono gotini, akanifinya kwa nguvu.

"Ami Hamed kasema ana haja," akasema. "Khalaf akadhani anataka choo."

Bibi Azza hakucheka. Akamkazia macho. "Rudia."

Akarudia. Kiarabu chake kibovu, akakitilia na Kiswahili. Haja, choo, nyuma ya nyumba.

Kizee akajifunika mdomo kwa kitambaa. Halafu mabega yake yakaanza kwenda. Hakutoa sauti, mabega tu, na kitambaa kikamshuka usoni.

"Mume wangu alikwenda kwenu," akasema, "msimu mmoja. Kanambia pale mlangoni, msimu mmoja. Nikangoja miaka ishirini na miwili. Karudi na tumbo bovu na lugha ya huko. Siku ya kwanza kasema, 'Nna haja.' Mama yake akaita wazee wote wa Samad waje waisikie hiyo haja. Wamekaa, wamenyamaza, wanamngojea aseme. Naye anasokoteka."

Mie nilicheka. Ghaniya hakucheka. Kikombe kilikuwa bado chini na yeye hakukiondolea macho.

Bibi akajifuta. Akakaza uso tena, upesi vile vile. "Choo ni choo, na kauli ni kauli. Mahrous wetu ana ubaya gani?"

"Hana ubaya. Mie simkatai Mahrous. Nnaitaka Jumamosi. Kesho mwanangu anatakiwa chuoni."

"Miaka mingapi?"

"Minne, wanasema."

"Mahrous hawezi kungoja miaka minne. Na mie simwambii mtu angoje." Akatazama maji ya falaji yanavyopita. Akakaa vile muda mrefu hata nikadhani kalala. "Nilingoja mtu kwa neno la mlangoni," akasema. "Tutamtafutia Mahrous mwengine. Hamed nitamwambia mie. Kunywa kahawa yako."

Ghaniya akachukua kikombe. Inzi yumo ndani, kishakufa, anaelea. Nikamwona kamwona. Akimtoa kwa kidole, kizee huyu ataona kadharau kahawa yake. Akiomba kikombe chengine, nani ajuaye kama kizee hatabadili? Akafumba macho akanywa yote, na inzi, akatikisa kikombe kuonesha imetosha.

Kwake hakurudi. Nadhir akatushusha kwangu, tukamtuma mkewe amlete Ghalia na sanduku lake. Jumamosi alfajiri mtoto akapanda basi. Ghaniya kampa mfuko wa karatasi. Ghalia akafungua mdomo kuuliza, mie nikamwambia, "Chukua, usiulize."

Habari ikafika kwa Khalaf kabla ya adhuhuri, na ikafika na kicheko chake. Kule kwenye mashine za umeme kila anayetaka kwenda nje akawa anamwomba ruhusa, ana haja. Vizuri. Angelikwenda mwenyewe Jumatano ile ile, wangecheka siku moja wakachoka.

Siku ya kumi na moja akaja kwangu. Kavaa kanzu iliyopigwa pasi vibaya, nusu. Nikamtilia kahawa, kwa sababu nyumbani kwangu hata mbwa hupewa maji. Akaipokea, akaiweka chini mbele yake, akakunja mikono.

Kumbe kajifunza. Miaka kumi na mbili na siku kumi na moja.

Nikamwacha. Nikachagua mchele, kokoto upande huu, mchele upande huu. Kahawa ikapoa. Akanitazama, mie nikatazama mchele. Ningeliiacha pale mpaka Ramadhani, na mpaka leo huyo mtu sijamwambia kunywa.

Ghaniya akatoka chumbani. Akasimama, akakitazama kikombe, akamtazama mumewe, na ile kanzu.

"Choo kiko nyuma ya nyumba, Khalaf," akasema, akenda kutafuta baibui na viatu vyake.