Mguu Aliopewa Mwanamkuu

Badria binti Hashil alizaliwa Mchafukoge, ghorofani juu ya duka la vitenge la baba yake, na akaja kuwa mwalimu wa shule ya msingi ya hapohapo mtaani. Hakuwa mtu wa kukasirika ovyo. Serikali ilipoleta mpango wa kuwafundisha watoto akili mnemba, alijitokeza kabla hajaombwa. Alienda semina Upanga, akarudi na vishikwambi, na muhula mzima akafundisha kwa raha. Alichokazania zaidi ni picha: jinsi mashine inavyotunga sura za watu, na jinsi mtoto anavyopaswa kujiuliza anachokiona kimetoka wapi.

Siku moja wakaja maofisa wa mpango na mpiga picha wao. Chumba kilikuwa joto, watoto wamebanana kwenye madawati. Mwanamkuu, binti wa darasa la sita aliyekatwa mguu baada ya kugongwa na bodaboda Kariakoo, alisimama na magongo yake akajibu maswali yote bila kubabaika. Wageni walimpigia makofi.

Mwezi uliofuata bango likatundikwa getini. Badria alilikuta asubuhi, watoto wamejazana chini yake. Darasa pichani lilikuwa lake, ila kuta zimekuwa nyeupe pe, kuna kiyoyozi, na kila mtoto ana kompyuta yake. Katikati kasimama Mwanamkuu. Magongo hana. Ana miguu miwili na viatu vipya.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Mwanamkuu.

"Marahaba, mwanangu."

"Hii imetengenezwa na mashine, eti?"

"Ndiyo."

"Kwani nilivyo walionaje?"

Badria alimshika bega, kisha akaenda moja kwa moja ofisini.

Mwalimu mkuu, Leodegar, alisema yeye kaletewa tu lile bango, kama Badria ana neno ampigie Kasmir, ofisa wa mpango. Kasmir alipokea simu kwa kicheko.

"Mwalimu, tumeiboresha kidogo tu. Wakubwa wanapenda kuona mafanikio. Na mtoto mwenyewe si kapendeza?"

"Mtoto alikuwa amependeza tangu mwanzo. Mmembandika mguu wa uongo mbele ya wenzake, halafu mnasema mnawafundisha wasidanganywe."

"Aah, usilikuze hili jambo, dada yangu."

Ile sauti laini ilimchefua kuliko hata bango. Alikata simu, akachukua mkasi na kiti, akaenda getini akazikata kamba mwenyewe, wapita njia wakimtazama. Bango lilipoanguka alilikunja kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota panya aliyekufa, akalitupa jalalani.

Haikupita wiki Leodegar akamwita. Bila kumtazama usoni, akamwambia somo la akili mnemba amepewa mwalimu Gaudens. Gaudens semina hajaiona hata kwa mbali, na kwa hofu ya kuviharibu vishikwambi akavifungia kabatini. Bango jingine lililetwa. Kuta nyeupe zilezile, kompyuta zilezile. Mwanamkuu hakuwemo kabisa.

"Tutasoma tena lini?" Mwanamkuu alimuuliza Badria.

"Sijui, mwanangu," alijibu, na kweli hakujua.

Siku hizi anafundisha Kiswahili tu. Juzi Kasmir aliingia ofisi ya walimu akitabasamu, akamnyooshea mkono. Badria aliutazama ule mkono, safi, una saa ya kung'aa, kisha akarudi kwenye madaftari yake na kuendelea kusahihisha.