Uso wa Mninga

Siku ile kwenye karakana ya pale Mkiwa tulikuwepo watano: mimi, mdogo wangu wa kike, fundi, mke wa fundi aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, na mzee mmoja mrina asali wa Mgori aliyeleta mzinga wake wa gogo uliopasuka, afungiwe waya. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja nilimshuku, isipokuwa mdogo wangu, na hata yeye nilimtupia jicho.

Tulikwenda kuchukua ukulele, kile kigitaa kidogo cha nyuzi nne. Chekechea ya kanisa ilitaka msaidizi wa kufundisha watoto nyimbo. Mdogo wangu alikuwa amejifunzia ukulele wa kuazima, na mwenye ukulele alishahama nao. Mwalimu mkuu akamwambia aje na wa kwake, apige, na mtoto aliyekaa nyuma kabisa asikie. La sivyo nafasi anapewa mwingine. Wazazi walipofariki niliacha shule ili yeye asome. Alimaliza kidato cha nne, akakaa nyumbani. Nafasi ile sikutaka impite.

Mbao nilileta mwenyewe, zilitoka kwenye kitanda cha baba, mninga mtupu. Kwetu mbao nzuri ni ile ambayo mchwa wakiionja wanaiacha. Fundi alitaka uso, yaani upande wa mbele wenye tundu, autengeneze kwa mti laini. Nikakataa. Mama alipofariki tuliuziwa jeneza tukaambiwa ni mninga. Mvua ikanyesha njiani, na waliolibeba wakafika makaburini viganja vimekuwa vyekundu kwa rangi. Tangu hapo mtu akiniambia mti laini unatosha, nahisi kuna kitu anataka kubaki nacho. Kwa hiyo nilichora alama kwa msumari kwenye kila kipande, nikamwagiza: mgongo mninga, mbavu mninga, uso mninga.

Nilipompa mzee shikamoo tu, nikauchukua ukulele nikachungulia tunduni. Alama ilikuwepo.

"Umeiona, au nikuletee tochi?" fundi akauliza.

"Huyu mpeleke akalinde geti," mke wake akasema. "Kipaji anacho."

Mdogo wangu akapiga. Sauti ilikuwa tamu, nzito, ya chini, kama ya mtu anayeongea na wewe peke yako. Roli likapita barabarani, tukaona vidole vyake vinakwenda tu.

"Kaka, haifiki," akasema. "Watoto wale watanimeza."

Fundi akashusha mwingine ukutani, wa mteja wake. Mgongo ulikuwa wa mninga kama wetu, lakini uso ulikuwa wa mti mweupe, mwepesi, uliokatwa kwenye mzinga wa zamani. Tunduni ulinukia nta.

"Kinachotikisika ni uso," alisema. "Mninga mzito, uzi unaubembeleza kwanza. Huu uzi ukiugusa tu, umeitika. Mgongo ndio uache mgumu, urudishe sauti mbele."

Akaupiga. Sauti ilitoka wazi, ikafika mpaka kwa wauza vitunguu. Mimi nikawaza: kaweka nyuzi mpya.

"Hamisha nyuzi," nikamwambia.

"Nini?"

"Za huu weka kwenye wangu, za wangu weka kwenye huu."

Akanitazama, akashusha pumzi, akahamisha. Haikubadilika. Nikawaza: ni mkono wake. Nikampa mdogo wangu apige. Nikawaza tena: huenda macho yangu ndiyo yanayodanganywa. Nikamshika fundi tukavuka wote barabara, asije akampa mtu ishara, nikaipa karakana mgongo. Mdogo wangu akapiga mmoja, halafu mwingine, akibadilisha bila kunitajia. Roli jingine lilikuwa limesimama pale linanguruma.

"Mfunge na kitambaa!" mke wa fundi akapaza sauti.

Mmoja niliusikia kila ulipopigwa. Wa pili sikuusikia mpaka dereva alipozima injini. Tuliporudi, mdogo wangu alikuwa ameushika huo wa pili, ule wa kitanda cha baba, na hakutaka kunitazama.

"Nibadilishe uso?" fundi akauliza.

"Na huo wa mninga utakaoutoa unabaki kwa nani?"

"Uchukue! Kaulalie!"

Tatizo likawa mti. Mbichi haufai, na mkavu wa namna ile hakuwa nao. Sote tukautazama mzinga wa mzee.

"Huu nyuki wanaujua," mzee akasema. "Ukifungwa waya msimu huu wanarudi. Mpya wataukwepa." Akaupapasa ufa. Kisha akamwambia mdogo wangu, "Piga tena, mwanangu." Akapiga. Mzee akamgeukia fundi. "Haya, pasua."

"Unataka nini, mzee?" nikauliza haraka.

"Mzinga wa gogo, kama huu. Hela sitaki."

"Na kwa nini utupe?"

"Kwani nimekupa? Hata hujaniomba."

Ni kweli. Tangu tubaki wenyewe nilikuwa nanunua, nafanya kibarua, au nakosa. Kuomba sikuwa nimezoea. Mdogo wangu aliangalia chini. Nikasema, "Mzee, naomba." Fundi akachukua shoka.

Jumatatu aliyopangiwa kupiga chekecheani, gundi ilikuwa haijakauka, mwalimu mkuu akaongeza wiki. Siku ya siku mwalimu alisimama mlango wa nyuma, watoto wakipiga kelele mbele yake, na wimbo ukamfikia. Nafasi akapewa mdogo wangu, yupo mpaka leo.

Mzinga ndio sijaurudisha. Nilimpelekea mzee ule wa kisasa wa mbao, akaugeuza juu chini akasema hilo ni kabati. Gogo la kukata mwenyewe linataka kibali cha kijiji, na kila nikienda ofisini naambiwa mhusika katoka. Sasa kuna mtu wa Sepuka anasema analo, kavu, halina ufa. Anataka nimwamini kwa simu. Nimemwambia nitakuja nilione kwanza.