Kila Ofisi Ilikubali

Mwanangu, kabla hujaenda kwenye huo mkutano wenu wa mazingira, keti kidogo. Kuna jambo lililotupata kule Kanama nikiwa kijana, fundi cherehani nisiyejua ofisi zinavyokwenda.

Mvua zilikuwa zimebadilika. Mto ulifurika kila mara, ukasomba viazi na maharage, mwisho ukabomoa jiko la mama mkubwa wangu, Mama Aziza, aliyekuwa akiuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni Gisenyi. Dawa tuliijua sote: mtaro wa kugeuzia maji, na miti kilimani. Majirani wakatutuma mimi na yeye tukaombe ruhusa.

Tulianzia ofisi ya barabara, maana mtaro ungekatiza barabara, nao wakatupokea vizuri mno. "Bon, mutaro ni muzuri," bwana mmoja alisema. "Lakini utapita kando ya muto, na muto haiko yetu." Bwana wa ofisi ya mto naye akakubali, ila akatupeleka kwa wa ofisi ya kilima. Wa kilima akatupongeza, akapanda mche, akapigwa picha, akaturudisha kwa wa barabara.

Mimi nilifurahi. Njiani Mama Aziza akaniuliza, "We unaona nini? Wote wanakubali, na hakuna jembe hata moja."

"Labda wako na kazi mingi, mama."

"Mwenye atachimba akikosea, watamuuliza. Mwenye anakaa tu, nani atamuuliza?"

Kesho yake hakumbembeleza mtu. Alimwambia kila mmoja yale aliyoyasikia kwa wenzake: wanasema wewe ndiye unayechelewesha, njoo mtoni ujitetee. Wiki haikuisha, wote watatu wakawa ukingoni mwa mto, wakitazamana kwa jicho baya, kila mmoja akitoa ruhusa mbele ya majirani ili lawama isimwangukie. Tulianza kuchimba palepale, kabla hawajaachana. Masika yaliyofuata maji yalipita mbali na nyumba zetu.

Leo mnaahidiwa pikipiki za umeme, majiko yasiyo na moshi, hoteli zisizochafua ziwa. Huenda ni kweli. Lakini anayekusifu sana, muulize nani ataanza, na nani atapata hasara mambo yakibadilika. Usiondoke na tabasamu peke yake. Wakutanishe mahali pamoja, wananchi wakisikia. Wala usiwachukie, wengi wanaogopa tu kuwa wa kwanza. Mimi, hata hivyo, bado siwaamini.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, akupe ulimi mpole na masikio yasiyodanganyika.